Kinachochaguliwa Kulika Kwanza: Uhakiki wa Msumeno wa Mikanda Mitatu

Ukiondoa kifuniko cha mota kilicho ubavuni mwa Unisaw, msumeno wa meza ambao kampuni ya Delta ya Milwaukee, Marekani, iliuingiza sokoni mwaka 1939, ukafagia unga wa mbao uliojilundika ndani ya kabati lake la chuma, utaona mikanda mitatu myembamba ikipanda sambamba kutoka puli ya mota hadi puli ndogo iliyojificha chini ya meza. Misumeno mingine ya ukubwa huo iliendeshwa, na mingi bado inaendeshwa, kwa mkanda mmoja. Kwa nini huu una mitatu? Nauliza hivyo kama mhakiki wa ushairi anavyouliza kwa nini ubeti umekatwa kwenye mshororo wa nne: kwa imani kwamba idadi ina sababu, na kwamba sababu hiyo ikijulikana sehemu kubwa ya kazi nzima inafunguka.

Wahakiki wetu wa fasihi wamezoea kutenganisha fani na maudhui. Maudhui ya msumeno ni mepesi kuyataja: kupasua mbao. Fani ndiyo inayotaka jicho, na mahali pa kuitazama ni kwenye sehemu zinazopeleka nguvu, yaani puli, mikanda, shafti, beringi, na kile kipande kidogo cha kii kinachoifunga puli kwenye shafti. Dai langu ni kwamba katika mashine iliyobuniwa kwa akili sehemu hizi zimepangwa kwa daraja la kulika. Mbunifu ameamua kipi kitangulie kuisha, kipi kifuate, na kipi kisiguswe na uchakavu hata mashine ikirithiwa na wajukuu. Mkanda hulika kabla ya puli, na puli kabla ya shafti. Kii hufanywa laini kuliko shafti ili siku mzigo ukipita kiasi ikatike yenyewe na kuiokoa iliyo ghali. Fundi anayebadilisha sehemu zilizochakaa bila kulisoma daraja hili anaweza kununua kila kitu kipya na bado akauacha ugonjwa palepale.

Katika mashine za kizazi kilichotangulia daraja hilo lilikuwa wazi zaidi kwa macho. Misumeno ya utepe na randa kubwa za mwanzoni mwa karne ya 20, zilizovutwa na mikanda bapa ya ngozi kutoka shafti ndefu ya darini, zilikalisha shafti zake ndani ya madini laini yaliyomiminwa kwenye mwili wa mashine yenyewe. Isaac Babbitt wa Massachusetts ndiye aliyepewa hataza ya beringi ya namna hii mwaka 1839, na jina lake limebaki kwenye madini hayo hadi leo. Mchanganyiko bora wa babiti una bati takriban asilimia 89, na sehemu iliyobaki ni antimoni na shaba. Ni laini kuliko shafti, na ulaini huo ndio kazi yake: punje ya mchanga ikiingia, huzama ndani ya babiti badala ya kuikwaruza shafti.

Tazama sasa jinsi umbo linavyotabiri uchakavu wake. Beringi ya babiti hugawanywa nusu mbili, ya chini ikiwa kwenye mwili wa mashine na ya juu kwenye kofia inayofungwa kwa bolti. Kati ya nusu hizo huwekwa vipande vyembamba vya shaba au karatasi ngumu, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Babiti ikilika na shafti ikaanza kucheza, fundi hufungua kofia, hutoa kipande kimoja kila upande, hufunga tena, na nafasi iliyozidi inapotea. Mbunifu ameandika humo miaka ya mbele ya mashine. Amekiri tangu siku ya kwanza kwamba kitu hiki kitapungua, akaacha akiba ya kukipunguzia. Sijui umbo jingine katika mashine za mbao lililo na unyofu wa namna hii.

Vipande vikiisha, babiti humiminwa upya, na hapo kusoma na kutengeneza huwa kitendo kimoja. Ya zamani huyeyushwa na kuondolewa. Shafti hurudishwa mahali pake na kupimwa mpaka ikae sawa kabisa, kwa sababu shafti hiyo yenyewe ndiyo kalibu. Hupakwa masizi ya taa ili madini yasiigandie. Ncha za beringi huzibwa kwa udongo au lami maalumu, na mwili wa chuma cha kusubu hupashwa moto, kwa sababu chuma baridi kitaigandisha babiti kabla haijafika pembeni, na chuma chenye unyevu hata wa tone moja kitaurusha mvuke na madini moto usoni mwa mtu. Babiti huwa tayari kwa joto la zaidi ya nyuzi 400. Maseremala wa zamani walichovya kijiti cha msonobari ndani yake, na kijiti kikigeuka rangi ya kahawia iliyokolea bila kuwaka moto, walijua wakati umefika. Kisha humiminwa mara moja bila kusita. Anayesita hupata beringi ya tabaka mbili ambazo hazijaungana, na hiyo itapasuka.

Beringi inayotokana na kazi hiyo inafaa shafti ile moja tu. Haiuzwi dukani, kwa kuwa hakuna shafti nyingine duniani yenye mikwaruzo na upungufu uleule. Hii ndiyo tofauti kubwa ya fani kati ya mashine ya babiti na Unisaw. Kwenye Unisaw, kinachokufa kwanza hununuliwa kwa namba.

Namba hizo zina historia fupi. Mkanda wenye umbo la kabari ulitoka kwa John Gates wa Denver mwaka 1917. Beringi ya gololi inayojirekebisha ilitoka kwa Sven Wingquist wa Gothenburg mwaka 1907, katika kiwanda cha nguo ambako shafti ndefu zilipinda na kuua beringi kila mara. Delta ilipounda msumeno wake, vitu hivi vilikuwa vimekwisha kuwa bidhaa za kawaida, na mbunifu aliweza kuvitumia jinsi mtunzi anavyotumia maneno yanayojulikana na wote.

Turudi basi kwenye mikanda mitatu. Diski ya Unisaw ina kipenyo cha inchi 10, yaani nusu yake ni milimita 127. Msumeno ukiinuliwa mpaka mwisho, diski hukata kina cha inchi 3 na moja ya nane, karibu milimita 79. Toa ya pili kwenye ya kwanza: kutoka kitovu cha shafti hadi uso wa meza zinabaki milimita 48 tu. Ondoa tena unene wa chuma cha meza, na nafasi iliyobaki kwa puli ya juu inakuwa finyu mno. Puli lazima iwe ndogo. Puli ndogo inaukunja mkanda kwa ukali, na kadiri mkanda ulivyo mnene ndivyo mgongo wake unavyovutika na tumbo lake linavyobanwa kila unapoizunguka. Mkanda wa daraja la C una kina cha milimita 14, wa B milimita 11, wa A milimita 8. Mmoja mnene ungeweza kubeba nguvu yote kwenye puli kubwa, lakini juu ya puli hii ungejipika kwa joto lake wenyewe. Kwa hiyo mbunifu akachagua mwembamba, na kwa kuwa mwembamba mmoja hautoshi, akaweka mitatu. Idadi ile imetokana moja kwa moja na mahitaji ya seremala anayetaka kukata mbao nene. Kina cha ukataji juu ya meza kimeamua idadi ya mikanda chini yake.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo zuri zaidi katika umbo zima. Mota ya Unisaw imening'inizwa kwenye kiungo kilekile kinachobeba shafti ya diski. Ukiinua diski, mota hupanda nayo. Ukiilaza diski kwa digrii 45, mota hulala nayo. Umbali kati ya puli mbili haubadiliki hata chembe, na mikanda haijui kama msumeno umesimama au umelala. Uzito wa mota wenyewe ndio unaofanya sehemu kubwa ya kuikaza. Linganisha na misumeno myepesi ya wajenzi, ambayo mota yake inaning'inia nyuma nje ya mwili: msumeno ukilazwa, mkanda wake mrefu hujisokota, na mota hurukaruka kila mkanda unapopita na sehemu yake ngumu. Rockwell ilipoinunua Delta mwaka 1945 haikuligusa wazo hili, na kwa miongo mingi baadaye tumbo la Unisaw lilibaki karibu lilelile.

Sasa mfuo wa puli, ambao watu wengi hawautazami kabisa. Mkanda wa kabari hutengenezwa na pembe ya digrii 40 kati ya mbavu zake mbili. Mfuo unaoupokea hauna digrii 40. Kwenye puli ndogo una 34, kwenye kubwa 38. Mtu anaweza kudhani ni kosa la kiwandani. Mkanda unapokunjwa kuizunguka puli, tumbo lake hubanwa na kutanuka pembeni, na pembe yake hupungua. Kadiri puli ilivyo ndogo ndivyo inavyopungua zaidi. Mfuo umechongwa kwa umbo ambalo mkanda utakuwa nalo ukiwa kazini, wala si lile lililo nalo ukiwa umetundikwa dukani. Mbavu zikikaa sawasawa kwenye kuta, kabari huzidisha mgandamizo zaidi ya mara tatu kuliko mkanda bapa uliokazwa kwa nguvu ileile. Tumbo la mkanda halipaswi kugusa sakafu ya mfuo hata kidogo. Likigusa, kabari imekufa, na mkanda umerudi kuwa bapa na mwembamba.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kusoma katika puli ya zamani ni sakafu ya mfuo. Ikiwa na kutu na vumbi, puli ni nzima. Iking'aa kama kioo, mkanda umekuwa ukiitelezea, maana yake kuta zimelika au mkanda umechakaa mpaka umezama. Kisha weka ukingo wa rula kwenye ukuta. Ukuta mzima umenyooka. Uliolika una bonde. Bonde likifika milimita 0.8, puli imemaliza kazi yake, na mkanda mpya utakaowekwa humo utakuwa na mbavu zilizonyooka zinazogusa juu na chini tu ya bonde. Utalika haraka mpaka ufanane na puli mbovu. Hapo fundi hurudi dukani akilalamika kwamba mikanda ya siku hizi haina ubora, ilhali aliyemdanganya ni puli.

Kosa la kawaida zaidi ni kubadilisha mkanda mmoja kati ya mitatu. Uliokatika hutolewa, mpya huingizwa, miwili ya zamani huachwa kwa kuwa bado inaonekana mizima. Lakini mikanda hurefuka inapotumika. Ule mpya, ambao ni mfupi kwa kiasi kisichoonekana, hubeba karibu mzigo wote, na wenzake hupigapiga hewani pembeni yake. Mitatu hii ilibuniwa iwe kitu kimoja chenye miili mitatu. Watengenezaji huiuza kwa seti zilizolinganishwa kwa urefu kwa sababu hiyo. Kadhalika anayeingiza mkanda kwa kuuchokonoa na bisibisi juu ya ukingo wa puli hukata nyuzi za ndani bila kuziona. Mkanda huo utageuka na kulala ubavu ndani ya mfuo baada ya muda mfupi, na hakuna atakayekumbuka ile bisibisi. Mota inainuliwa kwanza, mikanda inavaliwa kwa mkono, ndipo mota inashushwa.

Daraja linalofuata ni beringi, na hapa nina lawama kidogo kwa kizazi cha Unisaw. Babiti iliyochoka huonekana na kupimika. Beringi ya gololi iliyofungwa pande zote haionyeshi chochote. Dalili zake huja kwa sauti na kwa mguso: mlio wa kusaga mashine inapozimwa na kupungua kasi, au mikwaruzo midogo kwenye uso wa mbao iliyokatwa, kwa kuwa diski inayozunguka mara kama 4,000 kwa dakika, ambayo meno yake husafiri karibu mita 53 kwa sekunde, huukuza mchezo mdogo kabisa wa shafti. Ukiondoa mikanda na kuizungusha shafti kwa vidole, polepole, vidole vitasoma kile ambacho macho hayawezi.

Uzuri wake uko kwingine. Shafti ya msumeno wa Kimarekani imepimwa kwa inchi: mahali pa diski ni inchi tano ya nane. Lakini katika mashine nyingi za kundi hili, makalio ya beringi kwenye shafti hiyohiyo yamepimwa kwa milimita, kwa sababu beringi za gololi za mfululizo wa kawaida zilikuwa za kimetriki hata Marekani. Beringi 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40 na upana wa milimita 12, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, iwe mwaka 1939 au juzi. Kuanzia 04 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25. Hii 03 iko nje ya kanuni, nayo hukaririwa tu. Kwa namba hizo fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kuihuisha mashine ambayo kiwanda chake kiko ng'ambo ya bahari, kwa beringi ileile inayouzwa kwa ajili ya pampu za maji na mota za umeme. Achague yenye mfuniko wa mpira, inayoandikwa 2RS. Ile ya mfuniko wa bati, ZZ, huacha mwanya, na unga wa mninga au mvule haujui huruma.

Kuivalisha kuna adabu yake, nayo inatokana na umbo. Beringi ikipigwa kuingia kwenye shafti, nguvu ipite kwenye pete ya ndani. Ikiingia kwenye nyumba yake, ipite kwenye pete ya nje. Ukikosea, nguvu hupitia kwenye gololi, nazo huchimba vishimo kwenye njia yao, na beringi mpya huanza kulia siku hiyohiyo. Kuipasha moto kidogo ili itanuke hurahisisha kazi, mradi joto lisizidi nyuzi 120, la sivyo chuma hupoteza ugumu wake. Na kama pete ya ndani ya beringi ya zamani ilikuwa ikizunguka juu ya shafti, daraja la kulika limevunjwa: kisichotakiwa kulika kimelika. Beringi mpya peke yake haitasaidia. Shafti iende kwa fundi wa kukereza vyuma, ijazwe na kuchongwa upya kwa kipimo.

Vitabu vya mashine hizi huja na mchoro wa sehemu zilizotawanywa, kila kipande kikielea hewani na namba yake. Naupenda mchoro huo, lakini nausoma kwa tahadhari. Unaonyesha mfuatano, kipi kiko nyuma ya kipi. Hauonyeshi nguvu. Kwenye karatasi, puli imeachana na shafti kwa nafasi ya kidole. Kwenye chuma, miaka themanini ya kutu imevigandisha viwili hivyo, na skrubu ya kubana imejificha ndani ya mfuo ambako mkanda unapita. Wengi huvuta puli bila kujua kuna skrubu ya pili iliyowekwa juu ya ya kwanza kuikaza, na ukingo wa chuma cha kusubu humeguka. Kabla ya kuvuta, chunguza tundu kwa tochi na kijiti chembamba.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna ukurasa mmoja ambao kitabu cha Milwaukee hakikuuandika. Mota ya Unisaw ilibuniwa kwa umeme wa hezi 60, ikizunguka mara 3,450 kwa dakika. Umeme wetu ni hezi 50. Mota mpya ya hapa, ya jamii ileile, huzunguka kama mara 2,850. Ukiifunga na kuacha puli za zamani, diski haitafika 4,000. Itabaki karibu 3,300, na ukataji utakuwa mzito ilhali kila sehemu ni nzima. Tiba iko kwenye puli ya mota, ambayo kipenyo chake kiongezwe kwa kama asilimia 21. Ikiongezwa, mikanda nayo iwe mirefu kidogo, na upimwe upya mstari wa puli mbili kwa rula ndefu. Upimaji huo ufanywe kutoka kwenye mifuo, kwa kuwa kingo za puli mbili tofauti huenda zisiwe na unene mmoja.

Si kila umbo la zamani linastahili sifa hizi. Puli inayobadili upana, ambayo Milton Reeves wa Indiana aliianzisha mwishoni mwa karne ya 19 ili kudhibiti kasi ya misumeno ya kupasulia magogo, ilikuja kutumika katika mashine nyingi za kukerezea mbao. Nusu mbili za puli husogeleana au kuachana, na mkanda mpana hupanda au kushuka kati yake. Wazo ni la kuvutia. Lakini kinacholika kwanza ni tundu la ile nusu inayoteleza juu ya shafti, yaani kitu cha ghali kilichofichwa ndani kabisa, na katika mashine za bei nafuu nusu hiyo ilimiminwa kwa aloi ya zinki inayopasuka. Anayetumia kasi moja kwa miaka huikuta imeganda. Anayeipaka grisi nyingi hukusanya unga wa mbao. Hapa daraja limepinduliwa, na fundi analipia uamuzi wa mbunifu.

Misumeno mingi ya sasa imeiacha mikanda mitatu na kuchukua mmoja mpana, mwembamba, wenye mbavu ndogo ndogo kwa urefu wake. Kifani, jibu hilo ni zuri: mkanda huo hukunjika kwa urahisi kwenye puli ndogo, na suala la urefu usiolingana halipo tena. Baadhi ya wenye Unisaw za zamani hung'oa puli zao na kuweka za namna hiyo. Sioni sababu ya kufuata njia hiyo hapa kwetu. Mkanda wa mbavu hauvumilii puli zilizopinda mstari, chembe ngumu ikinasa kwenye mfuo mdogo hukwaruza mpaka iondolewe, na mkanda ukikatika katikati ya ubao kazi imesimama, wakati wa mitatu ukikatika mmoja, miwili itakufikisha mwisho wa mpasuo. Zaidi ya hayo, mkanda wa daraja la A unauzwa Nairobi, Mombasa na Mwanza katika duka lilelile linalouza mikanda ya kompresa na mashine za kusaga unga. Mwenye msumeno wa mikanda mitatu anunue mitatu kwa pamoja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja, baada ya kuipima mifuo.